Maneno Mawili Mekundu

Foleni ya makaa ya mawe, jangwa la Gobi,
malori mia tatu, pua kwa mkia, hadi mpaka wa Uchina,
na baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Dulamsuren, wa mia mbili na sita,
ameiatamia simu kwapani kama kuku na yai:
ikipoa itazima, na ikizima
siku zake mia moja na kumi na mbili za masomo
zitakuwa viza.

Ndivyo alivyo mwalimu huyu. Hana kiboko,
ana hesabu. Ruka siku moja tu
akurudishe mwanzo, kwenye tufaha na meza.
Dulamsuren haoni ajabu. Hata foleni ni hivyo:
sinzia dakika kumi, wa nyuma yako awe wa mbele.

Kwa hiyo saa tisa usiku, injini ikinguruma
ili miguu isigande,
anamuuliza mtu asiyekuwepo, kwa Kiingereza,
njia ya kwenda makumbusho.
Jaribu tena, simu inasema.
Ni ile sauti ya ulimi kati ya meno,
ile ya dhahabu na dhiki. Kwao haipo;
nani atoe ulimi nje kwenye baridi hii?
Anajaribu. Anajaribu tena.
Kioo cha mbele kinaota ukungu
wa maneno yaliyokataliwa.

Redio inakoroma. Baatarchuluun, wa mia mbili na saba:
"Mama, unaongea na nani?"
"Natafuta makumbusho."
"Umeyakanyaga. Chini ya matairi yako
kuna mifupa ya mijusi mikubwa kuliko lori. Lala."

Halali. Ana deni, na si la benki.

Majira ya baridi yaliyopita, kilomita arobaini kutoka popote,
dashibodi iliwaka maneno mawili mekundu
na lori likalia ti-ti-ti bila kupumua.
Hakuthubutu kusogea. Akayapiga picha. Akamwita fundi,
kijana wa mjini mwenye glavu safi,
naye akafungua boneti, akaguna,
akapuliza kitu, akafunga boneti,
akazunguka, akabamiza mlango wa abiria,
na kelele zikakoma.
Bei: kondoo wanane.
Alilipa. Alimpa na chai ya maziwa, yenye chumvi ya kutosha,
akamshukuru mara mbili.

Picha ipo bado. Kila akimaliza somo huichungulia
kama sufuria ya nyama ya mbuzi mzee.
Bado. Bado.

Leo somo lilikuwa la nyumba. Paa. Dirisha. Ngazi.
Yeye aliyezaliwa hemani alirudia ngazi mara sita
bila kupanda popote.
Kisha simu ikachora ubao wenye kitasa
na kulitaja jina lake,
na mkono wa Dulamsuren ukaenda kwenye picha
kabla yeye hajauambia.

Neno la kwanza: mlango.
La pili alilijua tangu wiki ya tatu,
kwenye lile duka la mazoezi lisilouza kitu: wazi.

Mlango wazi.

Aliwahesabu kwanza, mmoja mmoja, kwa rangi zao,
wa mwisho yule mwenye sikio lililochanika.
Ndipo kicheko kikamtoka, kikubwa, cha peke yake,
hadi kofia ikaanguka kwenye usukani na honi ikalia.

"Mama? Kuna nini huko?"
Akabonyeza redio, akauweka ulimi kati ya meno,
akaitamka sentensi nzima, dhahabu na dhiki yake,
bila kujikwaa, na hakuna aliyempa alama.
Kimya. Kisha Baatarchuluun:
"Maana yake nini?"
"Maana yake kondoo wanane."

Mbele, taa za breki zikazimika moja baada ya nyingine.
Foleni ilisogea mita sita.
Simu, chaji asilimia nne,
ikamuuliza kama ana mwavuli.