Taarifa Kutoka Juu ya Tembe

Hapa Handali mtandao unashika mahali pamoja tu:
juu ya tembe ya bibi Mbeleje,
upande wa mashariki, karibu na mlenda ulioanikwa.
Paa halibebi zaidi ya wawili.
Alipanda Wendo, kwa kuwa ni mwepesi na amemaliza kidato cha nne,
na Nyemo, kwa kuwa simu ni yake.
Sisi ishirini na tisa tulibaki chini, shingo juu
kama kuku wanaokunywa maji.
Mimi nilishika ngazi.

"Jina la kikundi," Wendo alisoma.
Ndoo Tisa!
Ndizo tulizokuwa nazo mwaka ule mvua ilipokatika Januari,
tukachimba mchanga wa korongo kwa zamu
hadi maji yakatuonea haya, yakatoka.

"Idadi ya walengwa."
Kimya. Kisha mama Chidosa:
Walengwa? Anayelengwa ni digidigi.
Tulicheka mpaka ngazi ikatikisika,
na Wendo akaandika: thelathini na mmoja,
hakuna aliyelengwa.

"Mafanikio."
Hapo kila mtu ana mdomo.
Andika mbuzi kumi na wanne!
Kumi na watatu, mmoja kaliwa na fisi juzi.
Andika uwele umefika Novemba bila fukusi,
andika majivu ya mabua, kiganja kimoja kwa debe,
andika Persisi anasaini sasa, hapigi dole gumba.
Wendo akasema nafasi ni ya maneno hamsini.
Maneno hamsini!
Salamu peke yake hapa zinazidi.

Ilitumwa Jumanne. Ijumaa yakaja majibu
kutoka kwa wanawake wa nchi
ambayo jina lake Wendo alilisoma mara tatu
na kila mara likatoka jingine.
Wako milimani, wanafuga wanyama wenye shingo ndefu.
Walituma picha: mikono imeshika daftari
lenye kona zilizokunjamana na doa la mafuta.
Tulidhani ni letu.
Wao pia hutia majivu kwenye mbegu.
Mbuzi hawakuwauliza. Waliuliza:
kwenu, mwenzenu akifa na deni la kikundi, mnafanyaje?

Hakuna aliyepaza sauti.
Kuku wa bibi Mbeleje walipita katikati yetu.
Machi tulimzika Sechelela,
elfu arobaini bado,
na katika taarifa hatukumtaja.
Hakukuwa na kisanduku chake.

Persisi ndiye aliyeanza,
kwa sauti ya kusema na mtu aliye karibu,
hata Nyemo akalazimika kulala kifudifudi ukingoni ili asikie:
Waambie tuliingia shambani kwake siku tatu.
Karanga zilikuwa zimesongwa na magugu.
Tulipalilia, tukangoja, tukang'oa, tukapukuchua.
Waambie gunia moja lilikwenda kwenye deni,
nusu gunia kwa watoto,
na kwamba mumewe alikuja na panga
akidhani tunamnyang'anya,
akaishia kutubebea maji.
Waambie daftarini hatukumfuta.
Mbele ya jina lake tumeandika: amemaliza.

Ni maneno mangapi hayo? mtu akauliza.
Wendo hakuhesabu.
Alisimama kwa ncha za vidole, mkono juu,
simu ikielekea Mvumi,
kile kiduara cha kutuma kikizunguka, kikizunguka,
na kilipotulia tu
mguu wake ukatoboa paa hadi gotini.

Ndani, udongo wa miaka thelathini
ulimwagika kwenye sufuria ya uji.
Bibi Mbeleje akatoka na mwiko,
akatutazama, akautazama ule mguu wa Wendo
unaoning'inia sebuleni kwake bila kubisha hodi.
Mkishamaliza na dunia, alisema,
leteni udongo mje mkandike.