Ukurasa wa Nne, Safu Mbili

Niliinunua Kibuye, nyuma ya wauza pasi za makaa,
ilikuwa imebanwa kati ya picha za harusi za watu nisiowajua:
kadibodi ya urefu wa mkono,
wino mweusi ulioanza kugeuka chai.

Mnunuzi wa pamba, chepeo kichwani, tumbo limemtangulia kazini.
Mama mmoja na gunia lake.
Mizani ya sahani mbili kati yao.
Chini, palipokuwa na maneno, baka la gundi, manjano:
karatasi ilibanduka, ikaenda zake na mzaha wote.
Nyuma, kwa penseli ya buluu: uk. 4, safu mbili, Ijumaa.
Ijumaa gani? Mwaka hapana.
Aliyeandika alijua ni Ijumaa ile.

Sahihi hakuna. Pana inzi.
Kila mzee wa Kaloleni niliyemwonyesha aliweka kidole hapohapo:
"Huyu Odindo. Habakuki, karani wa stoo ya reli.
Jina hakutia. Alitia inzi."
Gazeti lipi? Mmoja akasema Tarumbeta,
mwingine akaapa ni Sauti ya Gati,
wa tatu akauliza jibu nalinunua bei gani.

Basi nikaanza kusoma Ijumaa.
Chumba cha nyuma cha maktaba, ndoo chini ya paa linalovuja,
Bi. Rispa Nekesa akanipa glavu moja; ya pili ilipotea.
Ijumaa za mafuriko, Ijumaa za bei ya mahindi,
Ijumaa ambayo mchwa waliisoma kabla yangu, wakaimaliza.
Kila ukurasa wa nne: tanzia, ratiba ya meli,
mchungaji anaonya juu ya dansi.
Siku moja nilimwona inzi. Nikainama. Akaruka.

Wiki ya tatu upepo, si mimi, ulifunua ukurasa wa sita.

Kando ya tangazo la matairi ya baiskeli,
ndogo kama kiberiti: mnunuzi, mama, gunia,
na maneno yaliyobanduka:
PAMBA NI DHAHABU YETU.
Hayo tu? Kwa hayo nimekula vumbi siku kumi na tisa?

Nikaileta kadibodi dirishani, nikaiinamisha.
Mwanga wa ubavuni ukanionyesha nilichokipita kila siku:
rangi nyeupe, kavu, imepasuka kama tope la kiangazi,
na ndani ya nyufa, kiatu.
Kiatu cha mnunuzi, kimekanyaga sahani ya mawe.

"Ondoa mguu," mtu alisema. Nani, gazeti halisemi.
Mguu ukaondolewa.
Mizani hakuna aliyeigusa:
sahani ya mawe imelala chini, gunia linaning'inia juu,
na juu ya jiwe dogo kuliko yote
ametua inzi,
mzito kuliko pamba ya msimu mzima.

Nilicheka hadi Bi. Rispa akaja kuninyamazisha.
Akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.
"Mama yangu aliuza pamba Funyula," akasema.
"Kwetu ukipunjwa, hata sukari ya dukani,
tunasema umepimiwa na inzi.
Sikuwahi kujua tuliyatoa wapi."

Nikamwomba penseli. Alikuwa na nyekundu tu.
Nyuma ya kadibodi, chini ya ile buluu, nikaandika: sita.