Kitenzi Kilichopigiwa Mstari

Barua imetoka London, karatasi nene, wino wa buluu.
Dorcas Metcalfe anaisoma wima
katikati ya zizi la mnada wa Hawes,
mpira wa maji mkono wa kushoto,
mabuti yake yamekolea samadi.
Mwaka huu wa ukame hata maji ya kuoshea sakafu yanahesabiwa.

Yote ameyaelewa: joto, mjukuu kaota jino,
mkwe kapandishwa cheo.
Limebaki neno moja tu, limepigiwa mstari mara mbili:
demean.
Mama, usijifanyie hivyo.

Jioni anagonga kwa Wilfrid Alderson,
aliyeanza kamusi ya mabonde haya akiwa na nywele
na sasa amefika herufi S.
"Kaa."
"Nanuka."
"Kaa, Dorcas."
Anashusha sanduku la viatu, anapuliza vumbi, anachomoa kadi.

"Hawa ni wawili, wanavaa kofia moja.
Wa kwanza mzee. Asili yake Kilatini, kutisha;
kisha mdomoni mwa wachungaji
tisho likawa kuswaga ng'ombe.
Wafaransa wakamlainisha,
kuswaga kukawa kuongoza mtu kwa mkono.
Alipofika kwetu akawa kujiongoza mwenyewe,
kujichukua mbele za watu.
Enzi hizo ungelitenda neno hili kanisani, na kasisi akakusifu."

(Sisi tuliochuma mwenendo kwenye kwenda
hatuhitaji kuelezwa mara mbili.)

"Wa pili alikuja nyuma, kaundwa kwa neno fupi, mean,
lenye maana ya duni.
Na hilo nalo, kabla halijachafuliwa,
lilikuwa na maana ya cha wote:
kisima cha wote, malisho ya wote."

"Na nani alisema cha wote ni duni?"

Alderson hana kadi ya hilo.
Anatazama dirishani, naye Dorcas anatazama:
kuta za mawe zinapanda kilima,
zinakata nyasi kavu vipande vipande,
kila kipande na mwenyewe.

"Basi," anasema mzee, "wakafanana sura.
Mdogo akahamia nyumbani kwa mkubwa,
akalala kitandani mwake, akaitikia jina lake.
Kitenzi cha heshima kikatwezwa,
na kosa lake lilikuwa kufanana na jirani."

Dorcas kimya. Halafu anacheka,
anacheka mpaka kiti kinalia.
"Miaka kumi na tisa naswaga ng'ombe wa watu kwenye mizani,
kumbe nalitenda neno lenyewe, tena kwa Kilatini!"

Nyuma ya risiti ya mnada anaandika:
*Philippa, kitenzi chako nimekipata, nimekiosha.
Kilikuwa na samadi, lakini ya zamani sana.
Mwambie mumeo najiongoza vizuri.
Jumanne wanaingia kondoo mia nane.*

Anaikunja mara nne.
Siku tatu inakaa mfuko wa aproni,
inalainika kwa jasho, wino unaanza kuota madoa.
Stempu anayo. Posta iko hatua sitini kutoka lango la zizi.

Neno amelielewa, hilo amelimaliza.
Ila ile mistari miwili chini yake,
mkono ulioikandamiza hadi karatasi ikatoboka,
mkono aliokuwa akiukata kucha kila Jumamosi usiku:
hiyo Alderson hajaiandikia kadi,
wala haimo kwenye masanduku yake.