Ufa wa Hamugembe

Kokugonza aliniita Hamugembe nizibe ufa.
"Usipoziba ufa," akaanza.
Nikamwambia, bibi, methali tunaijua, lete saruji.

Nikabandua rangi, nikabandua lipu.
Chini yake, saruji ya Jumamosi ile ya Septemba:
ndizi bado jikoni, mabati yakagongana meno,
ziwa likasisimka ngozi
kama ng'ombe aliyetuliwa na mbung'o.

Nikagonga zaidi. Chokaa.
"Hiyo ya marehemu mume wangu.
Aliichanganya usiku, kwa taa ya chemli,
mimi nina mimba ya Kemilembe."

Chini ya chokaa, udongo na nyasi,
na alama za vidole vinne, vyembamba.
Hapo alikawia kusema.
"Mama mkwe. Sikumkuta."

Nimepiga lipu mpaka Kashozi, mpaka Kyaka.
Sijaona daftari lililoandikwa hivi,
kila tetemeko na mkono wake.
Vijana wa vipimo walipita na mashine yao,
wakasema ardhi inaachana polepole
kuliko ukucha unavyoota.
Polepole! Waulizeni wa Hamugembe.

"Nivunje, nijenge upya, niweke nondo?"
"Bei gani?"
Nikataja.
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Basi nimeziba, palepale.
Kabla haijakauka nimebonyeza dole gumba,
chini ya swichi, pasipoonekana,
kwa fundi atakayenifuata.

Mfuko mmoja wa saruji bado namdai.