Kumi na Mbili

Niliikuta ndani ya foronya,
chumba namba sita, gesti ya Raskazone,
mgeni keshaondoka na basi la alfajiri.
Karata, lakini si ya kuchezea:
haina kopa, haina uru, haina shupaza,
wala mzungu wa nne na ndevu zake.
Ina mtu. Kaning'inizwa kwa mguu mmoja,
kichwa chini, mikono nyuma,
mguu wa pili kaukunja kama anayengoja zamu kwa kinyozi.
Mti wenyewe bado una majani.
Juu, tarakimu za saa ya ukutani: kumi na mbili.

Mimi nakaa Barabara ya Kumi na Mbili.
Nikaitia kifuani, nikamaliza kufua.

Fundi Shekue, aliyenifumulia gauni mara mbili mwezi huu,
aliitazama suruali kwanza:
"Nyekundu, imebana, mshono safi.
Huyu kakimbia deni la kitambaa, wakamdaka."

Wacheza karata wa Makorora
waliipokezana kwa vidole vyenye kashata.
Chandu akasema mwizi. Mbaruku akasema msaliti.
Wa tatu, simjui jina, aliyefungwa bendeji kidoleni,
akasema: "Kiwandani singa za mkonge tunazianika hivyo hivyo,
zinaning'inia kwenye waya mpaka ziwe nyeupe.
Hazijafa. Zinangoja kuwa kamba."
Wakanyamaza kidogo.
Kisha mtu akatupa ree, kelele zikarudi.

Mpiga ramli wa Chuda alitaka elfu tano,
akaigusa kwa ncha ya kalamu, akaisukuma:
"Hii si ya bao langu. Kila mchanga na lugha yake."
Akanirudishia elfu mbili.
Kwa hizo mbili nilimheshimu.

Mimi nilitazama uso.
Kwani nani mwingine aliutazama?
Hajakunja ndita. Kichwa kimezungukwa na manjano,
sinia la wali wa zafarani.
Mwenye kuteswa hang'ari hivyo.

Jumatano, kliniki, Bombo.
Nesi Mnkande, mikono ya baridi,
akabonyeza huku, akabonyeza kule:
"Wiki ya thelathini na tano, na kichwa kiko juu.
Hajageuka."
Alisema kama anayetangaza maji yamekatika.

Usiku, umeme nao ukakatika.
Kwa tochi ya simu niliitoa karata,
nikaigeuza juu chini.
Yule mtu akasimama!
Kasimama kwa mguu mmoja, mti uko chini yake,
mikono nyuma, kama mtoto anayeficha peremende.
Ndiyo wewe huyo.
Umejisimamia wima ndani yangu,
miguu mlangoni, hunyanyui hata shingo.

Nikairudisha ilivyokuwa. Kichwa chini.
Siku zote nimeiona adhabu.
Kumbe ni mkao,
mkao wa anayejua njia iko wapi.

Nimeibandika ukutani kwa dawa ya meno,
usawa wa kitovu, uione vizuri.
Baba yako akirudi na lori kutoka Horohoro
atauliza ni nani huyu aliyenyongwa chumbani kwetu.
Nitamwambia: hajanyongwa, anafundisha.

Saa nane ukapiga teke.
Chini, kwenye kibofu.
Haya basi.
Nikatafuta kandambili gizani, nikaenda msalani.