Maelezo, Kituo cha Kalya

Jina la aliyepotea?
Sikujua.
Askari akaweka kalamu chini:
Mama, umekuja kumtafuta usiyemjua?
Afande, ndilo jina lake.
Sikujua binti Kabangula, mdogo wangu wa mwisho;
mama alishtukia mimba ina miezi sita.

Kabila?
Mtongwe.
Akaandika Muha.
Futa, nikamwambia.
Akasema si wote wa Kigoma tu.
Nikakaa palepale kwenye benchi
mpaka akafuta, karatasi ikatoboka.

Alivaa nini?
Kitenge cha kijani. Kandambili,
ya kushoto imeshonwa kwa waya.
Alikwenda uyoga, mvua za kwanza, ng'ambo ya Lubalisi.
Kapu tulilipata limesimama wima,
uyoga umefunikwa majani, kama wa mtu anayerudi.

Nani alimwona mara ya mwisho?

Hapo, afande, zunguka kijiji.
Mwenye mashine ya kusaga atakwambia: sikujua.
Mwenye pikipiki, aliyeiosha usiku ule
na mvua inanyesha: sikujua.
Mwenyekiti, mhuri mkononi: sikujua.

Tangu Novemba wanalitaja jina lake.
Hakuna anayemwita.