Baridi Ndiyo Iliyofuta

Februari ya arobaini na saba, mjini Oskerby,
maji yaliganda ndani ya birika,
na vita, tulivyoambiwa vimekwisha,
bado vilikula nasi mezani:
wakia mbili za siagi, kuponi ya mkate,
sabuni iliyolika ikawa kama ulimi wa paka.

Asubuhi moja, kabla ya kengele ya ibada,
mtu akanigongea: Konstebo, amka,
wamemuua mfu.

Kwenye jiwe la mashujaa, mbele ya kanisa,
majina yalikuwa kumi na manne. Moja halipo.
Kati ya Sowden na Udall
pengo jeupe, bichi, lenye alama za tindo.
Alban Thirkell, aliyepotea mtoni Italia, mwili haukuonekana.
Nilisoma naye. Alikufa akinidai shilingi mbili.

Mji ukahukumu kabla ya kifungua kinywa:
ni Ewald, mfungwa wa Kijerumani wa shamba la Tunnard,
kwani nani mwingine hapa ana kisa na wafu wetu?
Bucha akavua aproni. Vijana wakafinyanga theluji
na ndani yake wakatia mawe.
Nikamfungia Ewald seli, nikisema nimemkamata.
Kweli nilikuwa nimemficha.

Inspekta Garside alishuka kwa treni ya saa tisa,
mfupi, ana mafua, viatu vya mjini.
Akapitisha kidole ndani ya pengo
kama daktari wa meno.
"Hii si chuki," akasema. "Chuki hupiga ovyo.
Huyu amefuta herufi moja moja, kwa adabu;
majirani zake hakuwagusa hata kwa mkwaruzo."

Kisha dukani, akataka kuona daftari la mauzo.
Chai. Mishumaa. Kidole kikasimama:
nyembe, pakiti moja, Hester Thirkell.
Desemba, nyembe. Oktoba, nyembe.
"Mjane huyu," akauliza, "ana ndevu?"
Mwenye duka akacheka. Nami nikacheka,
na aibu ya kicheko kile ninayo hadi leo.

Hester alitupa chai, vikombe vitatu kwa watu watatu.
Nyuma ya mlango, glovu za kiume
zilikuwa zikidondosha maji yenye weupe wa chokaa.
Juu ya dari ubao ukalia, mara moja tu,
kama mtu aliyechoka kusimama kwa mguu mmoja.
"Panya," akasema Hester.
"Panya," akasema Garside, akapuliza chai yake.
"Kwa baridi hii, hata panya ana haki ya paa."

Kituoni tuliyeyusha wino jikoni ndipo akaandika:
Jiwe limemomonyoka kwa baridi. Hakuna mshukiwa.
Nikamwambia, baridi haijui kusoma.
Akafunga kalamu. "Mtu akikataa sifa asiyostahili,
Konstebo, utamshtaki kwa kosa gani?"
Treni ilichelewa saa nne. Tukaota moto kimya.
Alikuwa na mwana, Burma. Alisema "alikuwa", basi.

Ewald akarudi kwa ng'ombe wake.

Aprili, mto ulipofunguka, mwashi Eli Cragg
akalichonga upya lile jina. Mji mzima ulichanga.
Hester naye alichanga; angefanyaje?
Kutwa tindo ililia, ko, ko, ko,
na dirisha lake la juu
halikufunguliwa pazia.

Jioni nikaacha shilingi mbili kizingitini kwake,
bila barua. Dawa ya deni kulipa,
hata kwa maiti.

Alfajiri, chini ya mlango wa kituo,
nikakuta sarafu ya peni sita
imeviringishwa ndani ya karatasi ya wembe.

Nikaketi. Nikairudisha akili nyuma, shuleni,
siku ile ya gulio, mimi na yeye, na kisu nilichokitamani.
Kweli.
Ilikuwa shilingi moja na nusu.